Nilitandaza Kitenge, Bwana Akanipa Mama

Bwana asifiwe, kanisa! Eeh, hiyo Amina ni ya watu ambao hawajanywa chai. Tuseme tena, mtoto huyu mgongoni asikie, maana habari ni yake. Bwana asifiwe! Haya, sasa ameshtuka. Asanteni.

Kabla sijaanza, nina ombi dogo. Pale mlangoni kuna ndara za ngozi, ndogo, zimepangwa vizuri pembeni ya kizingiti. Nimemwona ndugu yetu wa mlangoni akitaka kuzisogeza kwa mguu. Tafadhali, ziache hapo hapo. Zina mwenyewe, na mwenyewe yumo humu ndani. Nitafika kwake.

Mimi ni Esperansi, mke wa Yeremia, mzaliwa wa Uvira, fundi cherehani. Tunakaa hapa hapa Troyeville, chumba kimoja uani, mnapajua. Wengine mnanijua kwa kucheka kwangu kwa sauti wakati wa matangazo. Lakini ndugu zangu, kulikuwa na miaka ambayo sikucheka. Mnakumbuka? Kila Jumapili ya kubariki watoto mlikuwa mnaniona nainuka taratibu kana kwamba naenda chooni. Sikuwa naenda chooni. Nilikuwa nasimama nyuma ya ukuta huko nje, nikisubiri nyimbo za watoto ziishe ndipo nirudi.

Nilikuwa nimezika watoto wawili. Wa kwanza nilimpoteza Uvira, mimba ilikuwa kubwa tayari, nikaanza kuvimba miguu na uso, kichwa kikauma, na kilichofuata mnakijua. Wa pili nilimpoteza hapa Johannesburg, katika chumba kile kile tunachokaa. Ilikuwa mchana mweupe. Yeremia alikuwa kazini Newtown, analinda magari, simu wameambiwa waziache kwenye kabati. Nilimwita, nikaita tena. Niliita na majirani, lakini mchana majirani wa Troyeville wako kazini wote. Mtoto alitoka kimya. Mimi nilipona, yeye hakupona. Yeremia aliporudi jioni alinikuta nimekaa sakafuni nimemfunga kwenye kitambaa. Sitasema zaidi hapo.

Basi nilipogundua nina mimba ya tatu, ndugu zangu, sikufurahi. Niliogopa! Nilimwambia Yeremia peke yake, na nikamwapisha asifungue mdomo. Nikaanza kuvaa magauni mapana. Nguo ya mtoto sikununua hata soksi. Mimi fundi, ninayewashonea watoto wa watu nguo za ubatizo, sikumshonea wangu hata kofia! Na kliniki sikwenda. Nilikwenda mara moja, nikakuta wale watu wasiotaka wageni, wanaosimama getini wakiuliza kitambulisho. Wakaniambia nirudi kwetu nikazalie huko. Nikageuka. Nikasema moyoni, Mungu akitaka atamtunza huyu bila kliniki, na asipotaka, basi.

Sasa niwaeleze kazi yangu, ndipo mtaelewa Bwana alivyoingia.

Ninashona Fordsburg, kwenye kona ya duka la vitambaa la familia ya Kihindi. Cherehani yangu iko dirishani. Nashona blauzi za kuvalia sari, na kutia pindo kwenye sari zenyewe. Zamani nilidhani Wahindi wote ni wamoja, na wote matajiri. Si kweli hata kidogo! Wako waliozaliwa nchi hii, na babu zao wamezaliwa hapa, hao ni wa hapa kabisa. Na wako waliokuja juzi kama mimi na wewe, na sanduku moja na makaratasi ya kusubiri. Wanauza kwenye maduka ya watu wengine, wanabanana fleti moja familia mbili tatu, jioni wanaongea na kwao kwa simu huku wanapika. Nilikutana nao kwenye foleni ileile ya wageni tunayopanga sisi, wanatafuta kivuli kilekile. Ni wageni wenzetu, ndugu zangu. Tofauti ni viungo vya mchuzi tu.

Mwenye duka ni Mama Kokila. Wao humwita Kokilaben, hiyo ben ni heshima, kama sisi tunavyosema dada. Siku yangu ya kwanza pale nilikuwa naongea na ndugu yangu kwenye simu, nikimlalamikia kuhusu mteja mmoja anayetaka mkono mfupi, mgongo wazi, halafu anataka mwili usionekane. Nilijiachia, maana nani atanielewa Fordsburg? Nyuma yangu nikasikia sauti ya mwanamke: "Basi mshonee gunia."

Nilitaka kufa! Kumbe Mama Kokila amezaliwa Tanga. Amekulia huko mpaka alipoolewa, akapelekwa India, Gujarati, akazaa huko, na uzeeni akamfuata mwanawe Nilesh huku Johannesburg. Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Mpaka leo ananicheka. "Wewe mwanamke wa Kongo," ananiambia, "hicho Kiswahili umekichanganya na nini?" Namjibu nimekichanganya na njaa.

Huyo Nilesh ana mke, anaitwa Hetal, binti mpole aliyeletwa kutoka kwao Rajkot, India. Naye alikuwa mjamzito wakati ule ule wa kwangu. Tofauti ni kwamba ujauzito wake ulikuwa unatangazwa na wangu umefichwa.

Wao wana desturi. Mimba ya kwanza ikifika mwezi wa saba, wanamkalisha mama mtarajiwa kwenye kiti kifupi, anatandaza upindo wa sari mapajani, na wanawake wanamjazia hapo mchele, nazi, ndizi, maua, vitu vitamu, kila mmoja na maneno yake ya baraka. Akishajaziwa, anaondoka kwa mumewe anaenda kwa mama yake mzazi, anakaa huko mpaka ajifungue. Ndiyo utaratibu wao. Lakini mama yake Hetal yuko Rajkot, na ndege si daladala. Unajua wanafanyaje hapa? Wanaazimana mama! Mwanamke mmoja wa Lenasia, hapa hapa Johannesburg, mtu wa mji wao, alikuwa amekubali kuwa mama wa Hetal kwa miezi ile. Hetal angekwenda kwake kama binti anayekwenda kwao. Watu walio mbali na kwao wana akili, ndugu zangu.

Siku ya sherehe, Jumamosi, nilipanda ghorofani kwao kumpelekea Hetal blauzi. Mikono yake ilikuwa imenenepa, ilibidi niitanue blauzi. Nilitaka kuikabidhi na kushuka, lakini Mama Kokila akasema nisimame nione. Nikasimama mlangoni. Chumba kimejaa wanawake, sari za kila rangi, na nyingine nimetia pindo mwenyewe. Mama yake Hetal alikuwa kwenye simu, wameiegemeza kwenye bilauri ya chuma ili aone. Anamwona mwanawe anabarikiwa, hawezi kumgusa. Hetal analia, mama analia kwenye simu.

Mama Kokila alikuwa anapita na sinia. Lilimzidi mikono. Akanigeukia, nazi na ndizi na kikombe cha mchele vimerundikana, akasema, "Espe, nishikie hivi."

Ndugu zangu, nyie mnaotoka kwetu, niambieni. Mtu mzima, mbele ya watu, anakupa vitu kwa mikono miwili. Utasimama wima kama mlinzi uvichukue kwa mkono mmoja? Mama yangu angenichapa kutoka Uvira! Nilipiga magoti. Nikafungua kitenge nilichojifunga juu ya gauni, nikakitandaza mapajani, nikainamisha kichwa, nikapokea. Nazi ikaingia, ndizi zikaingia, mchele ukamwagika wote mapajani kwangu.

Wanawake wote wakageuka kunitazama. Hetal akaacha kulia. Hata yule mama kwenye simu akasogeza uso karibu.

Sikuelewa nimekosea nini. Bibi mmoja akasema kitu kwa Kigujarati, wengine wakaziba midomo. Halafu nikajitazama. Kitenge kimefunguka, gauni limevutwa na magoti, na tumbo langu lile nililolificha miezi yote limesimama mbele ya kadamnasi, limejaziwa mchele na nazi kama la Hetal! Nilikuwa nimefanya bila kujua kile kile anachofanya mama mtarajiwa wao.

Mama Kokila akachuchumaa mbele yangu. "Mwezi wa ngapi?"

"Wa saba unaingia."

"Na hukusema?"

Nikasema, "Mama, nimezika wawili." Ndiyo mara ya kwanza maneno hayo kutoka kinywani mwangu tangu nifike nchi hii. Nilianza kukusanya mchele niurudishe, naomba radhi kwa Kiswahili, kwa Kifaransa, kwa kila kitu. Akanishika mikono. "Kilichoingia mapajani hakirudi kwenye sinia," akasema. "Sasa umejaziwa. Na aliyejaziwa anaenda kwa mama yake. Wako yuko wapi?"

"Uvira."

Akaitazama ile simu, akamtazama mwanamke wa Lenasia, akanitazama mimi. "Hetal anaondoka leo, chumba chake kinabaki kitupu. Utakuja kwangu."

Haya. Mnadhani nilikwenda? Sikwenda!

Nilirudi Troyeville na nazi yangu na hofu yangu. Mimi nimeokoka, najua ninayemwamini, na vitu vile vilitoka kwenye nyumba yenye miungu ukutani. Nikaviweka juu ya meza, nikawa navizunguka kama bomu. Nilimwita Yeremia tuviombee, tuamue kama tuvitupe. Nikakuta maganda. Alikuwa ameshakula ndizi mbili! Nikamuuliza, "Yeremia, hukuuliza zimetoka wapi?" Akasema, "Nilidhani zimetoka sokoni." Usicheke, Papa Yeremia, unashuhudiwa.

Nikapeleka jambo kwenye maombi ya akina mama. Mama Mado, kiongozi wetu, yupo pale mbele, amenipa ruhusa niseme. Mama Mado alinisikiliza, akaniwekea mkono, akaniambia niwe macho, tumbo langu limefunguliwa mbele ya madhabahu ngeni, na nisikanyage tena nyumba ile. Alisema kwa upendo. Yeye ndiye aliyekuja kunifulia baada ya msiba wa pili, kwa hiyo neno lake lilikuwa na uzito. Nikatii. Kazini nikawa naketi kwenye cherehani nimempa Mama Kokila mgongo, nazungumza naye mambo ya uzi na vifungo tu. Na nyumbani nikawa naomba, "Bwana, niongoze, kwa maana mimi sijui." Usiku sikulala vizuri, miguu ilikuwa imeanza kujaa maji. Niliijua hiyo miguu. Ilikuwa ile ile ya Uvira.

Ndipo Mama Kokila akaja mwenyewe Troyeville. Alimwambia Nilesh amlete kwa gari. Akaingia uani, akaona kitanda, akaona jiko, akaona mlango wa jirani una kufuli, na wa pili una kufuli, na wa tatu. Akaketi kwenye ndoo. Hakusema habari ya desturi wala ya dini. Aliniuliza swali moja: "Ukiumwa mchana hapa, unamwita nani?"

Nikajikaza. "Namwita Yesu."

Akatikisa kichwa kwa heshima kabisa. "Vizuri. Na Yesu akitaka kumtuma mtu, atamtuma nani, mchana, huku?"

Ndugu zangu! Nilitazama yale makufuli. Nilikuwa nimeomba Mungu aniongoze, na jibu la maombi lilikuwa limeketi kwenye ndoo yangu ya kufulia limevaa sari ya kijani! Jioni ile Yeremia alifunga nguo zangu kwenye mfuko, akasema, "Nenda, mama. Mimi nitakuja kila nikitoka kazini." Newtown na Fordsburg ni jirani, mnajua, anavuka tu chini ya barabara ya juu.

Basi nikaingia kwa mama. Asubuhi yeye anapiga kengele yake ndogo sebuleni, mimi naimba zaburi zangu chumbani, na hakuna aliyemwingilia mwenzake. Chakula ndiyo kilikuwa jaribu! Nyumba ile haiingii nyama wala samaki. Dengu, maziwa, mboga, chapati, na tena dengu. Na mimba yangu ilitaka dagaa wa ziwani kwetu, ilitaka kwa hasira! Yeremia akawa ananiletea kwenye kopo, nakula kwenye ngazi kama mwizi. Siku moja Mama Kokila akafungua mlango, akanikuta nalamba vidole. Akavuta hewa. "Unanuka Tanga," akasema. "Maliza, unawe na limau, ndipo uingie." Na kesho yake akaniwekea kigoda pale kwenye ngazi.

Akanipeleka kliniki. Wale watu wa getini walikuwepo. Wakaomba kitambulisho. Mimi tayari nimegeuka, lakini Mama Kokila akasimama wima, na kimo chake kinanifika begani, akatoa kibali chake cha ugeni, akawaambia kwa Kiingereza, "Mimi pia si wa hapa. Mkimfukuza yeye, mnifukuze na mimi, na mjue nina sauti kubwa." Sijui walimwonea haya au walichoka na jua. Walitupisha. Ndani nilipimwa presha, ikakutwa iko juu, nikapewa vidonge. Muuguzi akatueleza sote wawili: kichwa kikiuma sana, macho yakiona vimulimuli, msingoje hata dakika, mje hospitali. Mimi nilisikia nusu. Mama Kokila aliyashika yote.

Sasa sikilizeni. Ikaja asubuhi moja. Nilikuwa chumbani natia pindo sari ya manjano. Kichwa kilikuwa kinaniuma tangu nilipoamka, sikusema. Halafu ile manjano ikaanza kumeta. Nikapangusa macho. Ikameta zaidi. Mnajua nilifikiri nini? Nilifikiri, acha nijilaze kidogo, itapita. Ndivyo nilivyofikiri hata mara ile ya pili hapa Troyeville. Nikajilaza.

Mama Kokila ana kawaida ya chai. Ikifika saa nne lazima alete chai, hata kama hujaiomba, hata kama mna ugomvi. Alibisha hodi. Sikujibu, naye si mtu wa kungoja kujibiwa. Ninachokumbuka ni mlio wa bilauri ya chuma ikianguka sakafuni. Basi. Mengine nimesimuliwa.

Nimesimuliwa kwamba nilikuwa natetemeka mwili mzima, kile kifafa cha mimba. Kwamba alinigeuza ubavu, akafungua dirisha, akamwita Nilesh kwa sauti iliyotoa watu madukani mpaka mtaa wa pili. Nilesh aliacha duka wazi, wateja ndani. Walinibeba na wauza mitandio wa jirani, Waislamu wale wa Bangladeshi, mmoja kila kona ya blanketi. Njiani robot, zile taa za barabarani, zote zilikuwa zimezimika, magari yamefungana njia panda, eish, Joburg! Mama Kokila alitoa nusu ya mwili nje ya dirisha, upindo wa sari unapepea, anapiga kelele kwa Kigujarati, kwa Kiingereza, na yakimwishia hayo, kwa Kiswahili: "Pisheni! Pisheni! Mwanangu anakufa!" Kijana mmoja wa mtaani aliyekuwa anaongoza magari kwa kadibodi alisimamisha kila kitu na kutupitisha. Mungu ambariki popote alipo.

Hospitali, muuguzi wa zamu akauliza, nani yuko na huyu? Mama Kokila akasema, mimi. Akaulizwa, wewe ni nani wake? Akasema, mama yake. Muuguzi akanitazama mimi nilivyo, akamtazama yeye alivyo. Akauliza tena, mama yake? Akajibu, "Mama yake. Amejaziwa nyumbani kwangu." Nilesh ananiambia yule muuguzi hakuelewa hata neno moja la hilo jibu, lakini alisema, "Sharp, sawa, Mama, simama hapa, usiondoke." Nikaingizwa kwenye upasuaji.

Nilipofumbua macho sikuuliza. Niliogopa kuuliza. Nilikuwa nimezoea ule ukimya. Ndugu zangu, nilisubiri ukimya. Na badala yake nikasikia mtoto analia! Haleluya! Kasauti kadogo, kembamba, kenye hasira. Nikageuza kichwa, nikamwona Yeremia na sare yake ya ulinzi, machozi mpaka kwenye beji, na amembeba. Yu hai! Wewe unayemwona hapa mgongoni, Faida wangu, alikuwa hai, na mimi nilikuwa hai! Daktari alisema tungechelewa kidogo tu angekuwa anatuandikia mambo mengine. Hivyo tu alisema, akaondoka.

Wakaomba nguo za mtoto. Mimi fundi sikuwa na nguo! Mama Kokila akafungua mkoba wake, akatoa kishati kidogo cha pamba. Kwao mtoto mchanga hatangulii kuvaa nguo mpya, anavalishwa kwanza kitambaa kilichokwisha kuvaliwa na bibi yake, kikalainika. Alikuwa amekata sari yake kuukuu aliyotoka nayo India, akashona kwa mkono kwa siri, mchana mimi nikiwa dukani. Ile mishono! Ndugu zangu, nimefundisha wanafunzi, sijaona mishono iliyopinda vile. Bega moja limepanda, jingine limeshuka. Faida amekivaa leo ndani ya gauni lake, kimembana, na sitakigusa kwa mkasi mpaka Bwana arudi.

Kesho yake Mama Mado alikuja na uji. Alimkuta Mama Kokila amesinzia kwenye kiti cha mbao, mkono wake umepenya kwenye kitanda changu ameshika kidole changu, miguu imevimba kwa kukaa. Mimi nilikuwa macho kidogo, nikajifanya nimelala nione itakuwaje. Mama Mado aliitazama ile miguu. Halafu akaweka uji chini, akavua kitenge chake cha juu, akamfunika miguu. Alipoamka, wakagawana uji ule kwa kijiko kimoja wakizungumza bei ya dengu. Mama Mado, usiinamishe kichwa. Ulikuwa unanilinda nawe. Nakupenda.

Nikapiga simu Uvira. Mama yangu mzazi hakujua lolote, hata mimba sikumwambia, nilimwonea huruma asilie mara ya tatu. Nilipomwambia, alipiga vigelegele mpaka simu ikakwaruza. Kisha akauliza, "Nani alikuwa na wewe, mwanangu?" Nikasema, "Mama." Akauliza, "Mama gani?" Nikampa Mama Kokila simu. Akaishika kwa mikono miwili, akaongea Kiswahili chake cha Tanga kilichonyooka: "Dada, samahani, nilimwazima mtoto wako bila kukuuliza. Nakurudishia wawili."

Mama yangu alilia. Nami nalia sasa, nivumilieni.

Ndugu zangu, sijabadili imani. Ninayemsujudia ni Yesu, na huko nitabaki. Lakini namshukuru kwa mdomo wote kwamba hakungoja mtu wa kanisa langu apate nafasi. Alimtuma aliyekuwa karibu na aliyekuwa tayari na chai. Namshukuru kwa Yeremia. Nawashukuru ninyi mliofunga na kuomba. Hetal naye alijifungua salama Lenasia, mvulana, na Jumamosi ijayo namshonea mama yake wa kuazima blauzi bila malipo.

Na wewe uliyeketi hapo na jambo lako umelifunika kwa gauni pana, unayetoka nje watoto wakibarikiwa, nakuomba, usifiche tena. Huna mama hapa? Mimi pia sikuwa naye. Tandaza kitenge chako mbele za Bwana, piga magoti, upokee, hata kama mkono unaokupa si ule uliouzoea. Atatosha. Mimi ni shahidi, na shahidi wangu huyu hapa ananivuta nywele.

Leo Faida anabarikiwa, na mimi sitoki nje. Nilimwomba mtu mmoja aje asimame na mimi. Kwao hawaingii na viatu mahali pa kuombea, kwa hiyo alipofika mlangoni alivua, nikamwambia si lazima, akasema kwa Mungu wa Espe pia ni kwa Mungu. Ndugu wa uinjilisti, nawajua, msimvamie akitoka. Mpeni tu chai.

Mama, simama wakuone. Usione haya, simama. Kanisa, zile ndara za mlangoni ni za bibi yake Faida.